Majina Niliyoyaandika kwa Mkono Wangu

Jumatatu, tarehe 6 Machi

Binti Mwinyimvua, najiuliza mwenyewe, ulikuwa wapi? Mwezi mzima hujafungua daftari. Mwalimu wa kisomo alikwambia nini? Kwamba herufi zisipoguswa zinakimbia. Siku utakayojisomea haya ujue ulikuwa mvivu. Na Ramadhani si kisingizio. Lililofunga ni tumbo, vidole havikufunga.

Haya. Leo nimeamka, nimekunywa uji, nimekwenda shamba. Shamba ni lile la mkonge wa zamani hapa Kilosa, ng'ambo ya reli. Shirika lilipokufa mkonge ukageuka pori, tukaingia sisi na majembe. Mwaka wa tisa sasa. Nimefyeka mpaka nimefika mpakani kwa Mama Milembe. Yeye Msukuma. Walikuja na ng'ombe kutoka Shinyanga, yeye na mumewe. Mume amekufa, ng'ombe wamekwisha, amebaki na watoto watano na jembe. Ananiita bibi ingawa mvi zake na zangu hazipishani sana. Anachoma majani vibaya, moshi wote unakuja kwangu. Nimemwambia. Kacheka tu.

Tunangoja mvua. Mgongo unauma upande mmoja.

Alhamisi, tarehe 9 Machi

Nimemgombeza fundi viatu wa stesheni mbele za watu. Alikuwa anasoma kwa sauti gazeti moja la Dar. Siku hizi kila mwenye suti ana gazeti lake. Hilo limeandika kwamba Athumani Chambulila ni mporaji. Eti ameuziwa shamba letu lote la mkonge kwa mlango wa nyuma, eti wanakijiji watatupwa nje.

Athumani. Mimi namjua kabla hajawa na gazeti wala viatu. Mama yake na mimi tulianika mkonge pamoja kwenye kamba zile zile. Mama yake alipougua, mtoto alikula kwangu, ugali na mlenda, miezi mingi. Leo yeye ndiye mwenye gazeti la Mlio, ana ofisi na mashine ya kuchapa. Zamani magazeti yalikuwa ya wakubwa, kila siku mambo mazuri. Athumani ndiye aliyeandika kwamba zahanati yetu haina dawa, akamtaja na bwana aliyeziuza. Wiki mbili hazikupita, dawa zikaja. Nani mwingine alitutazama? Picha yake nimeibandika ukutani kwa uji wa sembe.

Fundi akasema, "Bibi, wewe unamtetea kwa sababu alikula ugali wako."

Nikamwambia ndiyo, na wewe ungeula ungekuwa na adabu. Watu wakacheka. Nikaondoka nimeshinda.

Jumamosi, tarehe 11 Machi

Vijana wanne wameingia shambani na vigingi vyenye rangi nyekundu. Kimoja wamekigonga katikati ya shamba la Milembe, viwili kwangu. Nimewauliza wametumwa na nani. Kampuni. Kampuni ya nani? Mmoja akasema, "Shikamoo bibi, sisi tunagonga tu." Nikaitikia marahaba. Ningefanyaje, mtoto amesalimia.

Nimekwenda kwa mwenyekiti wa kijiji. Anasema kampuni ni ya Chambulila na sisi wenyewe tulikubali, karatasi ipo. Karatasi gani? Hakuonyesha. Nimewaambia watu wote kwamba Athumani hajui. Watu wake wanamzunguka. Mtu akiwa juu anazungukwa.

Milembe amekizunguka kigingi chake mara mbili, kisha akaendelea kufyeka.

Tukipanda, watalima juu ya mbegu zetu. Tusipopanda, mwaka huu tutakula nini? Hapo ndipo tulipo.

Jumanne, tarehe 14 Machi

Nipo Mikumi kwa binti yangu Zaina. Anauza chakula barabara kuu, mabasi ya Iringa na Mbeya yanaposimama. Nimekuja na lori la mkaa, kiuno kimekufa. Nimekuja kwa sababu hapa gazeti linafika na basi la asubuhi. Kwetu linafika limeshafungiwa karanga. Nilitaka nione kwa macho yangu Athumani anawajibu nini wale wanaomwita mporaji.

Amejibu. Ukurasa wa mbele, picha ya karatasi iliyojaa majina.

Nilifurahi. Daftari ni langu, naandika ukweli. Nilifurahi kwa sababu niliona mwandiko wangu ndani ya gazeti. Nikamwita Zaina, njoo uone mkono wa mama yako. Zaina akaja na mwiko mkononi, akasoma maneno makubwa ya juu. Kwamba wanakijiji wameridhia kwa hiari yao kuliachia shamba, na sahihi zao hizi hapa. Akanitazama. Samaki wakaungua na hakwenda kuwageuza.

Ilikuwa mwezi wa kumi na mbili. Watu wa Athumani walikuja shuleni, wakachinja, wakapika pilau. Walisema mkurugenzi anawasalimu wazee wake. Siku hizi kila mkutano una karatasi ya mahudhurio, tumezoea, usipoandikwa huli. Hiyo haikuwa na kichwa, mistari tu. Waliotumwa walisema ni ya kuhesabu sahani. Wengi wetu hawajui kuandika, na wanaona haya kuchovya dole gumba mbele ya wajukuu zao. Nikasema nipeni kalamu, nawaandikia wote. Milembe nilimwandika mimi. Mzee Kolongo asiyeona nilimwandika mimi. Hata waliokuwa hawapo, wenye wagonjwa, waliokwenda msibani Berega, niliwaandika, ili wapelekewe pilau nyumbani. Nilikalia dawati la mbele kama mwalimu. Karatasi mbili, mbele na nyuma.

Sijala leo.

Jumatano, tarehe 15 Machi

Nimemwona Athumani.

Zaina alisikia kwa madereva kwamba atapita akienda Iringa, atapumzika kwenye hoteli ya pale juu. Nikaenda mapema. Waandishi wa magazeti mengine walikuwapo, wanamngoja kama mbwa wanaongoja mfupa. Aliposhuka garini wakamvamia kwa maswali. Mimi nikapita katikati yao kwa viwiko.

Aliniona. Akasema, "Mama Zaina." Akapiga goti pale pale kwenye vumbi, na suti yake, akaniamkia. Ile shikamoo ilikuwa ya kweli, hakuna atakayenibishia. Akanishika mikono yote miwili. Amenenepa. Macho ni ya mama yake. Akaniongoza kando, nikamwambia yote. Pilau, sahani, karatasi isiyo na kichwa, majina ya wasiokuwapo. Nikamwambia andika katika gazeti lako kwamba mwanamke mzee alikosea, nichekwe mimi, watu wabaki na mashamba yao.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunikatisha. Kisha akasema polepole, "Mama, ile karatasi ndiyo inayonishikilia mahakamani. Nikiikana leo, wananinyang'anya shamba, na benki iliyonikopesha inachukua gazeti."

Nikamwuliza, na Milembe?

Akauliza, "Milembe ni nani?"

Nilikuwa naye akilini toka Kilosa, nikadhani dunia nzima inamjua. Kabla sijajibu mtu wake mmoja akatupiga picha. Sikuwa nimeiachia mikono ya Athumani. Nilikuwa bado nimeishika. Hilo ndilo linaloniuma kuliko yote.

Alhamisi, tarehe 16 Machi

Picha imetoka. Mimi na yeye. Wameandika kwamba bibi wa Kilosa alisafiri kumpongeza mkurugenzi.

Zaina amenunua magazeti yote ya Mlio yaliyokuwa kwa muuzaji, ameyatia jikoni chini ya sufuria. Nimemwambia mwanangu, hapa ni Mikumi tu. Kasema anajua. Akaendelea kuyachoma.

Jumapili, tarehe 19 Machi

Nimerudi Kilosa. Picha ilifika kabla yangu.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana. Wananiamkia, shikamoo bibi, wanapita. Fundi viatu aliinua kichwa, akakirudisha kwenye soli. Mke wa Mzee Kolongo amenirudishia ungo niliomwazima, bila mimi kuuliza.

Jioni Milembe akaja mwenyewe. Akakaa kizingitini. Akasema, "Bibi, mwandiko wako mzuri kweli. Wengine wanafukuzwa kwa rungu, sisi tumefukuzwa kwa hati nzuri."

Akacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Halafu nikalia. Yeye hakulia. Alinishika bega akanitikisa kidogo, kama mtu anayemwamsha mtoto. Nikamwambia kwamba Athumani hakumjua. Akasema, "Angenijuaje, bibi. Mimi sikumlisha."

Picha ya ukutani sijaibandua. Nimeshika ukingo wake, uji umekauka, unatoka na udongo wa ukuta. Nimeiacha.

Ijumaa, tarehe 24 Machi

Siku nne naandika barua moja. Nimeandika kwamba majina yale ni ya pilau. Kwamba aliyeyaandika ni mimi peke yangu, wenyewe hawakushika kalamu. Nimetaja na waliokuwa Berega msibani.

Nimeipeleka kwa mwenyekiti agonge muhuri. Ameisoma amesimama. Kasema, "Bibi, juzi uko gazetini unashikana naye mikono. Leo unaniletea hii. Mimi niamini mkono upi?" Nikamwambia na wewe pilau ulikula. Kasema ndiyo, na nilikula nyingi, na muhuri sigongi.

Basi nimefanya jambo ambalo nina haya kuliandika. Nimempa dereva wa basi barua ile, aipeleke kwa gazeti lile lile linalomwita Athumani mporaji. Mtoto niliyemlisha kwa mkono huu. Nimemshitaki kwa mkono huu huu. Basi lilipoondoka nilitaka kulikimbilia.

Jumatano, tarehe 29 Machi

Hakuna barua yangu. Nimemwomba fundi viatu anisomee gazeti lile lote, macho yangu yanachoka kwa maandishi madogo. Amesoma ukurasa kwa ukurasa, hata matangazo ya mabati. Hawazungumzii tena shamba. Sasa ni wagombea wa vyama, nani kahama, nani karudi. Fundi akakunja gazeti taratibu. Akasema, "Wameshatuchoka, bibi."

Hakunicheka. Heri angenicheka.

Jumatatu, tarehe 3 Aprili

Mvua imeanza usiku wa jana na trekta limeingia asubuhi. Wamelima kuanzia kwa Mzee Kolongo. Watu walisimama relini wanatazama. Hakuna aliyerusha jiwe. Mzee Kolongo akawa anauliza limefika wapi, na mkewe akawa anamwambia: kwenye mihogo, sasa kwenye mbaazi, sasa limepita.

Milembe hakungoja lifike kwake. Amepata nafasi kwenye lori, anakwenda Malolo, kaka yake yuko huko, kama bado yuko. Watoto watano juu ya mizigo. Nimempa mbegu zangu zote. Hakutaka kuzipokea. Nikamwambia zipokee, mimi nitapanda wapi? Akazipokea kwa mikono miwili. Akaniambia, "Bibi, usijiue kwa hili." Nikamwambia nyamaza, panda, lori linaondoka.

Nilisahau kumwuliza jina la kaka yake.

Jumamosi, tarehe 8 Aprili

Mvua toka alfajiri. Nimekaa mlangoni nachambua mchele wa kupewa na Zaina. Siku za kupanda zinapita na mikono yangu haina kazi, inajikuna tu.

Ng'ambo ya reli wamelima vizuri. Sitasema uongo, matuta yamenyooka. Redio imemtaja Athumani saa sita, kwamba ameshinda shauri lake la shamba, na moyo wangu ukaruka kwa furaha kabla sijauzuia. Sijui niufanyeje. Ni mwanangu. Amenifanyia hivi na ni mwanangu. Akija leo mlangoni na njaa nitamsongea ugali, kisha nitamtukana huku anakula, na hakuna ekari moja itakayorudi.

Mke wa Mzee Kolongo amepita na mwavuli. Amesimama kidogo. Amesema mvua ya mwaka huu nzuri. Nimesema ndiyo, nzuri.

Binti Mwinyimvua, siku utakayorudi kwenye daftari hili usianze na Athumani wala na mgongo wako. Kabla ya kushika kalamu nenda barabarani, waulize madereva wa Malolo. Uandike kwanza kama Milembe amepata pa kulima. Kama hujauliza, usiandike kitu. Funga, kaulize.