Mstari wa Korea na Shamba la Mbuchi

Baba,

Tangu tukuzike, vita vya Korea vimesimama. Vimesimama tu. Wenyewe hawajapatana.

Nakumbuka nikikusomea kipande cha gazeti kilichofungiwa sukari, kifua kinakubana na bado unasema, "Endelea." Ulirudi na herufi kutoka vita vya Burma ukanifundisha mimi, mtoto wa kike, watu wakakucheka. Siku ile uliniuliza, "Mwanahawa, watu wa lugha moja, nani kawagombanisha?" Ukafa hujajibiwa.

Sasa jibu ninalo. Nilimuuliza mwalimu mmoja kule Kibiti. Wajapani, hao hao uliopigana nao, ndio waliokuwa wakiitawala Korea. Waliposhindwa, Warusi wakaingia kaskazini, Wamarekani kusini, wakaikata nchi kwa mstari. Ati wa muda. Wenyewe hawakuulizwa. Lakini nao walikuwa na magomvi yao, ya ardhi, ya nani alimtumikia Mjapani, na kila mkubwa akamkumbatia wake, akampa serikali na silaha. Kila serikali ikasema nchi yote ni yangu. Mwishowe jeshi la kaskazini likavuka mstari, moto ukawaka.

Baba, nililia njia nzima. Mambo hayo hayo nilikuwa nimeyaacha nyumbani.

Wanao, Hamisi na Seifu, waligombania shamba lako la mpunga hapa Mbuchi hata arobaini yako haijasomwa. Ulikuwa ugomvi wa ndugu, wa kwisha. Ila tajiri anayeuza boriti za mikoko akamuunga mkono Hamisi, jumbe akamuunga mkono Seifu, na kila mmoja akaahidiwa shamba zima. Vigingi vikapigwa katikati. Sehemu yangu mimi hakuna aliyeitaja. Siku ya kuvuna wakatokeana na mapanga.

Nikaingia kati yao. Nikawaeleza habari ya Korea yote kama nilivyokueleza wewe. Hamisi akafoka, "Sisi si Wakorea!"

Nikamwambia, "Nao walikuwa ndugu. Huyo tajiri wako, ukifa hapa, atalala njaa?"

Seifu ndiye aliyeshusha panga kwanza. Hamisi akaondoka na lake.

Nilikwenda mwenyewe kwa kadhi. Shamba limegawanywa kwa sheria ya mirathi, na mimi nimepata fungu langu. Tajiri na jumbe hawakuitwa. Vigingi niliving'oa kwa mikono hii, nikapikia.

Hamisi bado hanisemeshi. Salamu yangu anaipita kama upepo. Lakini juzi mkewe alikuja kunisaidia kuamia shambani, kufukuza ndege wasile mpunga wa msimu huu, na nilipomuuliza kama mumewe anajua, akainamisha uso: "Ndiye kanituma."

Basi pumzika, Baba, Mungu akupanulie kaburi lako. Kesho nakwenda kwa Hamisi. Asiponifungulia nitakaa mlangoni mpaka atoke. Wanao hawatagawanywa na mgeni maadamu mimi ni hai.

Binti yako,
Mwanahawa