Mama Zdravka, Vitabu Bado Viko Darini

Mwaka umetimia, mama, tangu baba akukute kwenye ngazi za nyumba ya kusomea, kikapu kimekulalia kifuani na vitabu vimetapakaa mpaka chini. Moyo, alisema daktari. Sisi wa nyumbani tunajua moyo ule ulichoshwa na nini.

Tunakukumbuka kwa tamasha lako la vitabu, ambalo hukulipwa hata senti na hukutaka kulipwa. Wageni uliwagawa nyumba kwa nyumba kama mtu anayegawa vifaranga. Mshairi anayekoroma ulimpeleka kwa jirani Gencho, kiziwi, na asubuhi wote wawili waliamka na furaha. Ulichoma pilipili za mlo wa wageni uani mpaka macho yakakuvimba. Msomaji mwenye haya akikwama jukwaani, makofi ya kwanza yalikuwa yako. Tunayasikia mpaka leo.

Kiingilio kilikuwa kitabu kimoja kwa kila mtu, na hapa kijijini Brezhan hakuna anayetupa kitabu. Hata kilicholiwa na panya hupewa kiti. Vyote vilipandishwa darini, juu ya ukumbi wa nyumba ya kusomea, mwaka baada ya mwaka. Wa kwanza kuingiwa na hofu ulikuwa wewe. Wengine walimtazama msomaji, wewe ulitazama juu. Chokaa ilidondoka taratibu kwenye nywele za watu, na wewe ukafunika glasi yako ya pombe ya rakia kwa kiganja.

Halafu ukawaambia dari linaelemewa. Mwenyekiti wa kamati, Kamen Tanchev, alicheka mpaka akashika meza.

"Shangazi Zdravka, dari lile babu zetu walilijenga kwa mwaloni. Leo liangushwe na hadithi za mapenzi?"

"Mapenzi yana uzito, Kamen. Muulize mkeo."

"Haya, tuviweke wapi sasa? Tuvichome?"

"Viteremsheni kwanza. Pa kuviweka tutapajua vikiwa chini."

Wakacheka tena, mazungumzo yakahamia kwenye viti. Hakuna aliyepanda darini. Mlango wa ukumbi ulikuwa umeanza kukwama, baba akauranda, akauranda tena, mpaka wewe ukamwambia, "Lyuben, acha kuuonea mlango. Ni ukuta unaoshuka." Basi ukaanza kuviteremsha mwenyewe, kikapu kwa kikapu, ukipumzika kila baada ya ngazi chache. Tukikuuliza kwa nini usingoje msaada, ulijibu kwamba wenye nguvu wana shughuli nyingi.

Sasa sikia walichofanya. Baada ya maziko, wanakamati waliokota vitabu vyote ulivyoteremsha, pamoja na vile vilivyomwagika siku ile, wakavirudisha juu. Kwa heshima yako, walisema. Wakavipanga vizuri katikati kabisa ya dari. Shukrani ya punda ni mateke, mama, ila punda hawa walikuwa wanalia kweli.

Na Jumamosi hii tamasha linarudi, limepewa jina lako. Kiingilio ni vitabu viwili kwa kila mtu, cha pili kwa ajili yako. Watoto wa shule watakaa mbele. Mjukuu wako Yoana atasoma shairi alilokutungia, na amepangiwa kusimama chini ya pale pale ulipokuwa ukipatazama. Juzi baba alipanda darini. Ufa wa ukutani uliokuwa ukipitisha ukucha tu sasa unameza vidole vyake vyote. Alipokohoa, boriti ikamjibu.

Tunaogopa, mama. Baba alikwenda kwa Kamen na kofia mkononi.

"Mzee Lyuben, una majonzi, tunaelewa. Lakini usituharibie sherehe ya mkeo."

"Mke wangu nimeshamzika. Mjukuu wangu sitaki."

"Jamani! Tumekaa chini ya dari lile tangu utotoni."

"Nalo limekuvumilia tangu utotoni. Limechoka, Kamen."

"Fundi atakuja kuliangalia. Ameniahidi."

"Lini?"

"Tukishamaliza sherehe."

Kwa hiyo mwaka huu hatutakufanyia kumbukumbu makaburini. Jumamosi asubuhi tutachemsha ngano ya kukukumbukia, tuitie sukari na kokwa za jozi kama ulivyopenda, na meza tutaiweka kwenye mlango wa ukumbi, iuzibe wote. Unawajua watu wetu. Wanaogopa zaidi kuruka meza ya marehemu kuliko wanavyoogopa dari. Watakula, watasema "Mungu amsamehe", na watabaki nje juani. Yoana atasomea hapo hapo barabarani. Mwenye mgongo mzima asilete kitabu. Alete kikapu kitupu, apande darini kwa ngazi za nje na wenzake wachache, taratibu, waviteremshe. Na anayeona ni lazima aingie kukaa, aisogeze meza yako kwa mikono yake, baba akimtazama.

Wanaokukumbuka ni mumeo Lyuben, binti yako Temenuga, mkweo Ognyan, mjukuu wako Yoana na dada yako Stoyanka.

Hutatutoka moyoni siku zote za maisha yetu. Tangazo hili la ukumbusho wa kifo chako tumelibandika kwenye mlango wa ukumbi, mama, na tunamwomba Mungu wiki ijayo tusibandike mengine kando yake.