Kikombe cha Baba

Jumatatu, 7 Mei 2001
Beni. Nimefunga tena kidonda cha Baba mguuni. Risasi ilimpata njiani kwenda Eringeti, alikokwenda kutafuta maharagwe. Paluku, infirmier, yaani muuguzi wetu, ametuachia vidonge vya tramadol, dawa ya maumivu: kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mama Kahindo, mke mpya wa Baba, ndiye anayempa. Chupa anaificha sandukuni. Anasema askari huiba dawa. Simwamini. Mimi nampelekea uji, pamoja na kidonge cha usingizi nilichonunua soko la Beu hapa mjini, kimefungwa kwenye karatasi. Baba mwenyewe aliomba.

Jumatano, 9 Mei
Anasinzia mchana kutwa. Nimemwita mara tatu. Mjomba alianza hivi hivi, akafa. Watu walisema sumu.

Alhamisi, 10 Mei
Kwetu anayemkaribisha mgeni huonja kinywaji kwanza, mgeni ajue hakina sumu. Mke haonjeshwi kikombe cha mumewe. Leo nimemwonjesha Mama Kahindo chai ya Baba.
"Miye? Mu nyumba yangu?"
Akanywa nusu. Kutwa amepura maharagwe, hakupiga hata mwayo. Basi sumu imo katika vidonge vyake. Namchukia.

Ijumaa, 11 Mei
Baba hakuamka. Midomo kama majivu. Pumzi moja, nahesabu hadi kumi, ndipo nyingine. Mama Kahindo alikimbia bila viatu kumwita Paluku. Nilisema mbele ya majirani: huyu anamuua.
Paluku alihesabu vidonge vya chupa. Havikupungua kupita alivyoagiza.
"Nani anamupatia dawa ingine?"
Nikatoa karatasi yangu ya vidonge.
"Ya usingizi hii. Hapana changanya na ya maumivu! Zote mbili zinalalisha pumzi. Uko na diplôme, mademoiselle, lakini hukuuliza."
Majirani waligeuka. Walikuwa wananitazama mimi.
Tulimkalisha Baba, tukamwita jina, tukamtikisa, mpaka jioni. Mama Kahindo ndiye aliyemshikilia mgongo.

Jumapili, 13 Mei
Baba amelalamika kwamba uji hauna sukari. Mguu unamuuma, anang'ata shuka. Afadhali.
Mama Kahindo hakwenda kanisani. Hajanisemesha tangu juzi. Amekaa mlangoni, anachambua maharagwe. Nilipopita na kikombe nilisimama mbele yake, nikaonja kwanza. Hakuna aliyeniagiza. Alitazama, akarudi kwenye maharagwe yake.
Baba alipomaliza nilikwenda kukaa karibu na Mama Kahindo. Hakunisogezea ungo. Nilikaa hivyo hivyo.