Ganda Halijatoboka

Mdogo wangu,

Paka wetu amezaa, tena juu ya suti ya Baba ya misibani, ile ambayo juzi aliitoa kabatini bila kusema kwa nini.

Uvimbe wa tezi ya shingo aliotolewa Mama ulikuwa saratani. Usishtuke. Daktari aliukagua kwa hadubini: haujatoboa ganda lake wala kuingia kwenye mishipa ya damu, kwa hiyo hauelekei kusambaa.

"Kumbe kama baba yenu," Mama akasema kwa sauti ya kukwaruza, "hata umfukuze, hatoki nyumbani."

Baba alicheka mpaka machozi. Kicheko kikaisha, machozi yakabaki. Nilipotaka kumhamisha paka, akanishika mkono.

"Mwache alale. Suti haina safari."

Dada yako,
bibi wa vitoto vya paka