Mota Ndani ya Eda

Rumonge, Ijumaa. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini ziwa bado lina hasira, na mimi pia ninayo.

Niko ndani ya eda. Tangu mume wangu afariki sijatoka nje ya ua, na shemeji yangu Rashidi anajua hivyo, ndiyo maana anapanga mambo ya mashua huko ufukweni kana kwamba nami nilizikwa. Mashua yetu ya mota ndiyo inayopeleka ndagala, wale samaki wadogo, mjini Usumbura. Ndiyo chakula cha wanangu. Jana alikuja kuniambia mota imekataa kuwaka, na kuna mtu karibu na boma la Wadachi atakayeinunua mashua hivyohivyo.

"Iko imekufa, shemeji. Tuiuzishe tu."

Nikamwambia aniletee sumaku inayotoa umeme, pamoja na waya wake na kile kizibo cha kaure kinachopiga cheche. Alicheka. Lakini alileta, nadhani ili apate la kusimulia barazani.

Hajui kwamba kila marehemu alipoifungua mota hiyo, mimi ndiye niliyemzungushia sumaku.

Leo nilifunga madirisha nipate giza la kuonea cheche, nikaizungusha. Kwa waya mfupi, karibu na chuma chake, cheche iliruka, ya buluu, safi. Kumbe sumaku haina neno. Nikaunga waya mrefu: kwenye kizibo hakuna kitu, ila pale waya ulipolalia chuma palikuwa pakimetameta. Umeme ulikuwa unatorokea njiani. Nilipoacha kuzungusha niliushika ule waya. Mpira wake umelainika, unanata vidoleni, unanuka mawese.

Huku kwetu tunapaka mawese kila kitu, bawaba, ngozi, miguu ya watoto, na Rashidi aliupaka waya ili maji ya ziwa yasiingie. Mpira ukaliwa na mafuta hayo. Hilo alilifanya kwa nia njema, nakubali. Kuuza mashua ya yatima si nia njema.

Nimekwangua mpira wote. Nikakichana kilemba cha hariri cha marehemu vipande vyembamba, nikauviringishia waya, nikauchovya katika nta ya nyuki iliyoyeyuka. Nililia nikikichana kile kilemba.

Sikuacha kuchana.

Alasiri Rashidi alikuja. Nilizungusha nikiwa nyuma ya pazia, mama mkwe akalifunua pembeni kidogo ili mwanawe aone. Cheche ikapiga kwenye kizibo. Rashidi akasema, "Ni vizuri, shemeji. Sasa itapata bei."

Nilitaka kumrushia kitu. Mama mkwe aliniwahi: "Rashidi, enda uswali."

Sumaku iko chini ya kitanda changu, na hakuna mwanamume atakayeingia chumba cha mjane kuitafuta. Eda ikiisha nitaishusha ufukweni mwenyewe. Akitaka kuuza kabla ya hapo, na auze. Mnunuzi atapiga makasia mpaka Usumbura.