Gitaa Yenye Harufu ya Moshi

Siku ya posho, tarehe 3 mwezi wa nane 1957. Kashuga.

Tena wimbo ule ule. Tena kidole gumba inapotea fasi ile ile. Nilifunga kazi mapema, nikakaa kwa mulango na gitaa mpaka chakula ikaiva. Kidole ya pili inaimba muzuri, sina neno nayo. Kidole gumba njo mubaya. Kazi yake ni kupiga nyuzi nene bila kuchoka, lakini inakimbia, inasimama, inakimbia tena. Mwaka muzima niko na nyimbo tatu tu, zote nilisikia kwa gramofone ya duka. Nimechoka nazo. Majirani nazani wamechoka zaidi.

Mama aliniletea viazi ya moto, akasema nikule kwanza. Aksanti Mama. Viazi ilikuwa tamu kuliko wimbo.

Siku ya Mungu, tarehe 11 mwezi wa nane

Baada ya misa watu wa Mpofi walikuja. Mambo yote ya arusi ya Furaha imeisha kupangwa. Huyu dada yangu wa mwisho anaolewa mwezi ujao, tarehe 21. Mpofi iko mbali, kule chini kwa pori ya Walikale, lakini kijana anayemuoa iko mupole na anaheshimu Mama. Nimefurahi.

Kwetu, watu wa bibi arusi njo wanamwimbia mbele ya mulango ya bwana yake. Yeye anasimama inje mpaka watu wa kule waitikie. Wimbo ikikatika, watamucheka miaka yote, eti huyu alikuja bila watu. Papa njo alipaswa kuongoza wimbo. Papa hayuko tena. Mimi njo mukubwa, na sauti yangu kila mutu anaijua, hata mbuzi wanaikimbia. Basi nikasema mbele ya wote kwamba nitaongoza na gitaa.

Nani alinituma kufungua kinywa?

Siku ya tatu ya kazi, tarehe 14 mwezi wa nane

Tulijaribu wimbo ya arusi leo. Mashangazi, rafiki za Furaha, wote walijaa kwetu. Nilikaza nyuzi juu sana, sawa na ile ya gramofone, kwa sababu sijui kupanga namna ingine. Wanawake wakapanda, wakapanda, mwisho ikawa kelele. Mama aliacha kuimba mapema, akaenda kuchambua maharagi. Mimi nikakimbia na kidole yangu. Nikamaliza wimbo peke yangu, wao wako bado katikati.

Mama hakuinua hata kichwa. "Unapiga kama mutu anayekimbia mvua," alisema.

Wakacheka wote. Na mimi nilicheka. Ndani haya iliniunguza.

Siku ya ine, tarehe 15

Sikupiga.

Siku ya tano, tarehe 16

Sikupiga. Nilishona kaptula za watoto wa masomo. Uzi ya cherehani hainicheki.

Siku ya kwanza, tarehe 19 mwezi wa nane

Furaha alikuja kwa fasi yangu ya kushona. Alikaa juu ya sanduku ya vitambaa, akaangalia gitaa kwa ukuta, akaangalia mimi. Nilifikiri atanichokoza, ni desturi yake. Hapana.

"Kaka, siombi upige kama watu wa gramofone," alisema. "Naomba tu usiniache peke yangu pale kwa mulango."

Akaenda zake. Nililia kidogo. Hakuna aliyeona, kwa hiyo naandika hapa.

Kisha nikarudia kushona, na nikaona kitu. Muguu yangu. Tangu asubui inakanyaga ubao ya masini ya kushona, haikimbii, haisimami, na mimi siifikirie hata. Nikaachilia mukaba ya gurudumu ili sindano isitembee. Nikaweka gitaa kwa mapaja. Muguu ikaanza kazi yake ya kila siku. Nikaambia kidole gumba: fuata muguu, usiniulize kitu.

Kipande kimoja tu cha wimbo ya arusi. Polepole sana. Mara mingi mpaka kitambaa ya mutu ikanisubiri bule.

Ilikuwa mubaya. Lakini haikukimbia.

Siku ya tano, tarehe 30 mwezi wa nane

Kidole gumba imesikia! Leo nilipiga wimbo muzima na nikamusalimia jirani bila kupotea. Zamani, mutu akipita tu barabarani, nilikuwa napotea. Kila jioni nachukua kipande kimoja, kesho naongeza kingine. Siku zingine sitaki kabisa. Nakanyaga tu masini, kisha mukono inakuja yenyewe. Njo siri yote niliyo nayo, na ni ya fundi wa nguo.

Namushukuru Mungu kwa muguu hii. Namushukuru na dada yangu.

Mvua imerudi. Nyumba yote inanuka maji. Mama anasema gitaa italiwa na unyevu. Nikamwambia asihangaike.

Siku ya kwanza, tarehe 9 mwezi wa tisa

Nilipeleka nguo za watumishi kwa shamba ya pareto, nikalala kule siku kadhaa kwa sababu ya mvua. Leo nimerudi. Gitaa haiko kwa ukuta.

Mama alinionyesha juu, na uso ya furaha. Alikuwa ameitundika juu ya moto ya jikoni, katikati ya muhindi ya mbegu. Njo fasi tunatunza kila kitu tunachopenda, fasi unyevu haifike na wadudu wanaogopa moshi. Mbegu inakaa pale mwaka muzima, salama.

Gitaa siyo muhindi. Kole yote, ile gundi inayoshika mbao, iliyeyuka. Kifua yake imepasuka, na ubao mudogo unaoshika nyuzi uliachilia, unaning'inia. Nyeusi yote.

Nilitoka inje ili nisitukane mama yangu. Nilitembea mpaka mutoni. Hasira, hasira tu. Sasa iko tarehe 9. Arusi tarehe 21.

Niliporudi Mama alikuwa hajakula. Nikamwambia si neno, Mama. Ilikuwa neno. Lakini nani mwingine angepanda pale juu, na miaka yake, kwa gitaa inayomupigia kelele kila jioni?

Siku ya tatu, tarehe 11 mwezi wa tisa. Kalembe.

Nilifika hapa na gitaa ndani ya gunia, kama kuku mugonjwa. Kuna seremala, Papa Zakaria, anatengeneza milango na masanduku ya maiti. Hajawahi kugusa gitaa. Aliigeuza, akainusa, akaniuliza ilikuwa na kosa gani mpaka mukaichoma. Nikamueleza. Akacheka mpaka akakaa chini, kisha akasema mama yake pia angefanya vile vile.

Atatumia ulimbo ya muti wa pori na misumari midogo ya mbao. Akasema niiache kwake.

Siku ya kwanza, tarehe 16 mwezi wa tisa

Niko nayo. Ufa umefungwa, unaonekana kama kovu. Papa Zakaria amenikataza kabisa kukaza nyuzi kama zamani, kwa sababu kifua itainuka tena. Nikalegeza zote. Sauti imeenda chini. Iko kama mutu mwenye mafua.

Njia yote ya kurudi nilikuwa na huzuni. Furaha alisema iko muzuri. Hajui kudanganya, maskini. Mama aligusa kovu na kidole.

Siku ya pili, tarehe 17 mwezi wa tisa

Lazima niandike hii kabla sijalala.

Wanawake walikuja tena. Nikaanza chini, kwa sauti ile ya mafua, sina namna ingine. Muguu yangu ilikanyaga udongo kama iko kwa masini. Na wao waliingia bila taabu. Hakuna aliyepiga kelele. Kumbe siku ile niliwapandisha fasi yenye mutu hafike, kisha nikashangaa wanalia.

Halafu nikasikia sauti nyuma yangu, nzito, polepole. Mama. Aliacha maharagi yake. Aliimba fasi ya Papa, maneno yote, hata yale mimi nilisahau. Tangu Papa afe sijamusikia akiimba wimbo hii mpaka mwisho.

Sikugeuka. Niliogopa kidole itapotea.

Siku ya Mungu, tarehe 22 mwezi wa tisa. Mpofi.

Imefanyika.

Jana tulisimama mbele ya mulango. Furaha mbele, kichwa chini, kitambaa juu ya uso. Nilianza. Watu wetu wakaingia. Watu wa Mpofi kimya. Wanafanya mchezo, tulijua, lakini walizidisha. Tulimaliza wimbo, tukarudia. Kimya. Tukarudia tena. Niliona Furaha anakaza kitambaa usoni.

Mvua ikaanza.

Watu walianza kuangalia fasi ya kujificha. Mimi niliwaza ulimbo ya Papa Zakaria na maji. Muguu ikaendelea. Kidole gumba ikafuata muguu. Mama akatoa kitambaa yake ya mabega, akaitandaza juu ya gitaa kwa mikono mbili, na kichwa yake mwenyewe ikalowana. Hakuacha kuimba.

Sikukimbia.

Wakaitikia. Kwanza mwanamuke mumoja muzee, ndani kabisa, kisha nyumba yote. Mulango ukafunguka. Furaha aligeuka mara moja, akaniangalia, akaingia.

Siku ya ine, tarehe 26 mwezi wa tisa. Kashuga.

Nyumba iko kubwa sana bila Furaha. Nguo za watu zinanisubiri.

Nimeanza wimbo ya tano. Watu wa Mpofi njo walinifundisha, ile waliyoitikia nayo. Kidole gumba inapotea tena, fasi mupya. Nikaachilia mukaba, nikakanyaga.

Gitaa ingali na harufu ya moshi. Jioni Mama aliuliza nitaitunza wapi. Nikamwambia achague yeye. Alizunguka nyumba yote na gitaa mukononi, mwisho akaitundika kwa ukuta ya chumba yake, mbali na moto.

Kesho nitaenda kuiomba kwake, nipige. Aksanti Mama.