Sindano za Anjela

Nakwa, Babati
9 Machi 2025

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Anjela,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Dongobesh, na mgongo wa shemeji umetulia. Sisi tu wazima, mvua zimeanza vizuri. Utashangaa naandika wakati simu ipo. Lakini simu yako, dada, husikilizwa na nyumba nzima hadi jirani anachangia, na haya ni ya masikio yako peke yako.

Mkono wa Anjela unapona. Alipokuja kunisalimia kutoka kwa mumewe kule Mutuka, aliteleza uani na ndoo nusu ya maji, kifundo kikavunjika. Binti wa miaka ishirini! Mimi nimeshaanguka na gunia la mahindi nikainuka nikifoka. Daktari naye alishangaa. Baada ya vipimo alisema mifupa yake ni dhaifu kuliko umri wake. Alipoulizwa kuhusu uzazi, Anjela alieleza kuwa ana mwaka katika ndoa na hajashika mimba. Ndipo daktari akauliza kama aliwahi kuchomwa sindano za uzazi wa mpango. Anjela alikana kwa aibu, akasema hajawahi hata kuziona. Mimi nilikuwa pembeni nimeshika faili lake, nikanyamaza.

Nilipata salamu zako kwamba mmemwombea misa, na kwamba mama mkwe wake ameanza maneno. Dada, msitafute mchawi.

Uliponikabidhi Anjela aje kusoma kidato cha kwanza, uliniambia nikurudishie kama alivyo. Mwaka huohuo binti wa jirani yangu Siti akapata mimba, akaacha shule. Nikaingiwa na hofu ya kukutazama usoni. Nikampeleka Anjela kwa mama mmoja wa duka la dawa, nikamdanganya kuwa ni sindano ya kuongeza damu. Kila miezi mitatu, miaka mitano, mpaka alipokaribia harusi. Siku zake zilipokatika alifurahi, nami nikajiona mjanja. Kwamba mifupa ya msichana bado inajengwa, sikujua, wala sikuuliza.

Alhamisi nilimwambia Anjela yote. Ijumaa tukaenda pamoja kwa daktari, nikarudia mbele yake. Alinikaripia, na nilistahili. Anasema huenda ni sindano, huenda kuna sababu nyingine. Kwamba wengi wakiziacha, mifupa hujijenga tena, na mimba huchelewa lakini mara nyingi huja. Hakuahidi kitu.

Anjela hakulia. Njiani aliniambia kuwa miaka yote ile hakuwa na mvulana, kwa sababu alikuwa amekuahidi wewe. Akaniuliza kwa nini sikumwuliza.

Yeye ndiye aliyetaka nikuandikie, maana hawezi kukuambia mwenyewe. Nilitaka pia kwenda Mutuka nimweleze mama mkwe kuwa kosa ni langu. Anjela amekataa. Amesema atamwambia mumewe Emanuel siku atakayochagua yeye, na kwamba nimeshamwamulia vya kutosha.

Nisalimie shemeji na watoto. Ukinikasirikia nitaelewa. Ila Anjela akija huko, tafadhali usimwambie la kufanya. Mwulize.

Mdogo wako,
Kornelia